LESENI ZETU NA DAFTARI LA SERIKALI

Mganga hajigangi, na karani naye hutunza majalada ya watu akasahau lake. Twasema hivi kwa ajili ya wanachama wa Ibighi waendeshao magari na pikipiki. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA; lakini kadi iliyo mfukoni si daftari. Jina lililokosewa huweza kukaa humo miaka bila mwenyewe kujua. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 humkataza mtu kuendesha chombo kisicho cha daraja la leseni yake. Basi twawasihi, kabla ya kushika barabara ya Mbeya au Kasumulu, yenye ukungu na miteremko, kila mmoja aulize habari za leseni yake. Ajali ikitokea na bima ikabishaniwa, mwenye kuumia ndiye apataye hasara.