Nyimbo za zamani kwenye kadi ya memori: nani analipwa?

Muziki mwingi unaosikilizwa katika teritwari ya Yahuma, jimbo la Tshopo, hauji kwa intaneti. Unatoka Kisangani ndani ya kadi ya memori, mfukoni mwa mfanyabiashara au mwendesha pikipiki, kisha unanakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine kwenye vibanda vya kuchaji vinavyotumia umeme wa jua. Franco, Tabu Ley, Abeti Masikini aliyezaliwa Kisangani, na mara nyingine nyimbo za filamu za Kihindi za zamani: wote wamo kwenye kadi moja. Anayejaza kadi analipwa. Mwenye kibanda analipwa. Mtunzi wa wimbo, au mjane wake na watoto wake, hawapati kitu.

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville. Sherehe zilifanyika na hotuba zikatolewa. Lakini orodha hiyo inalinda desturi. Haimlipi mtu hata franka moja. Mtoto wa mwanamuziki aliyefikiri kwamba heshima hiyo itageuka kuwa pesa alikuwa anagonga mlango usio wenyewe.

Mara nyingi husemwa kwamba Kongo haina sheria ya kuwalinda wanamuziki. Si kweli. Sheria ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, na inampa mtunzi haki juu ya kazi yake maisha yake yote, kisha warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo. Joseph Kabasele alifariki Februari 1983. Franco alifariki Oktoba 1989. Kwa hesabu hiyo kazi za wa kwanza zinalindwa hadi 2033, za wa pili hadi 2039. Shirika la kukusanya pesa nalo limekuwapo muda mrefu: SONECA iliundwa 1969, na SOCODA ikachukua nafasi yake mwaka 2011. Basi pesa inapotelea wapi?

India inasaidia kuona jibu, kwa sababu ilipita njia hiyohiyo, tena kwa ugomvi mkubwa.

Katika filamu za Kihindi za miaka ya 1950 na 1960, mwigizaji anayeonekana akiimba haimbi. Sauti ni ya mtu mwingine aliyerekodi studio: Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh. Nyuma yao wapo watunzi wa muziki kama Naushad, S. D. Burman na Shankar–Jaikishan, na nyuma zaidi washairi kama Shailendra na Sahir Ludhianvi. Watu wanne kwa wimbo mmoja, na anayejulikana na watazamaji wengi ni yule mwigizaji ambaye hakuimba.

Sahir alikataa kufichwa. Redio ya taifa ilikuwa haimtaji mshairi. Yeye alidai jina la mshairi litajwe pia, na redio ikakubali. Lata naye aligombania pesa. Miaka ya 1960 alitaka waimbaji wapate sehemu ya mapato kila wimbo unapouzwa. Rafi hakukubaliana naye: kwake, mwimbaji akishalipwa siku ya kurekodi, deni limekwisha. Wawili hao, sauti kubwa kuliko zote za wakati wao, waliacha kuimba pamoja kwa miaka kadhaa kwa sababu ya jambo hilo. Hoja ya Rafi haikuwa ya kipumbavu. Wanamuziki wengi wa Léopoldville waliorekodi kwa wafanyabiashara wa lebo za Ngoma, Opika na Loningisa walifanya biashara kwa mtindo uleule: unarekodi, unapewa chako, unakwenda.

Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliwaumiza watunzi zaidi. Iliamua kwamba mtayarishaji wa filamu aliyeagiza muziki na kuulipia ndiye mwenye mali, isipokuwa mkataba useme vingine. Na mkataba uliandikwa na nani? Na mtayarishaji.

Ilichukua miaka 35 kugeuza hali hiyo. Javed Akhtar, mshairi wa filamu aliyeteuliwa kuingia baraza la juu la bunge, aliisukuma hoja akiwa ndani, na Mei 2012 sheria ikabadilishwa. Tangu hapo mtunzi na mshairi hawawezi kuuza fungu lao la mapato ya baadaye kwa mtayarishaji hata wakitia sahihi. Fungu hilo linaweza kwenda kwa warithi au kwa shirika la kukusanya tu. Ubishi haukuisha, hasa kuhusu nyimbo zilizotungwa kabla ya mwaka huo. Lakini shirika la watunzi la nchi hiyo, IPRS, lilisajiliwa upya mwaka 2017, na makusanyo yake yamepanda tangu wakati huo.

Kinachofaa kuangaliwa na Wakongomani hapo ni mpangilio wa mambo. Jina lilitangulia, pesa ikafuata. Shirika la kukusanya hufanya kazi kwa orodha: baa, redio na kampuni ya simu zinalipia ruhusa, zinatoa orodha ya nyimbo zilizopigwa, kisha fungu linagawanywa kwa majina yaliyomo. Pasipo orodha, hata shirika lenye viongozi safi kabisa (na wanamuziki wa Kongo wamelalamikia viongozi wao kwa miaka mingi) litagawa kwa kukisia, na kukisia huwapendelea wakubwa walio karibu na ofisi huko Kinshasa.

Wimbo «Mabele» unaonyesha ugumu wake. Uliimbwa na Sam Mangwana mwaka 1974, ndani ya orkestra ya Franco, TPOK Jazz. Kwenye simu nyingi umeandikwa «Franco», basi. Aliyeutunga ni Simaro Lutumba, aliyefariki Paris tarehe 30 Machi 2019, na haki za warithi wake zinaendelea hadi 2069. Redio ikiandika «Franco» kwenye orodha yake, familia ya Simaro inakosa, na hakuna aliyeiba kwa makusudi.

Kumfuata kijana wa kibanda cha Yahuma, kumnyang'anya kompyuta yake na kumtoza faini, hakutasaidia. Yeye ndiye maktaba pekee ya muziki iliyopo pale, na kipato chake ni cha siku. Wenye uwezo wa kulipa ni wengine: kampuni za simu zinazouza nyimbo kama mlio wa kumngojea mpokeaji, vituo vya televisheni, mabaa makubwa ya Kisangani na Kinshasa, kampuni za bia zinazotumia muziki kuuza chupa. Hao wana anwani, wana hesabu, na wana mawakili.

Redio ndogo za jimbo, ambazo mara nyingi hukosa hata mafuta ya jenereta, haziwezi kulipa sana. Zinaweza kufanya alichodai Sahir. Kutaja mtunzi kabla ya wimbo, kuandika kwenye daftari wimbo gani umepigwa na saa ngapi, na kulihifadhi daftari hilo hadi SOCODA itakapoliomba. Kalamu inatosha. Wazee wanaokumbuka nani alitunga nini bado wapo Kisangani, ila kila mwaka wanapungua, na mafaili ya simu hayaandiki wanachokijua.

Kuhusu muda, sheria haisimami kungoja. Warithi wa Kabasele, aliyeimba uhuru wa 1960, wana hadi 2033.