KUNGOJA NI KAZI, KUTEMBELEANA NI BARAKA



Liko neno linalosemwa sana katika foleni za malori, nasi tumeona yafaa lizungumzwe katika karatasi hii ya chama. Madereva Wakristo, wakizuiliwa mpakani au penye mizani, husema kwamba kuchelewa kumewaletea baraka, maana wamepata nafasi ya kwenda kuwaona marafiki. Wenzao wengine huchukizwa. Husema: “Nyamazeni na baraka zenu! Tajiri akisikia mnafurahia foleni, atasema hana haja ya kutulipa kwa kungoja.”

Sisi twaona kila upande una ukweli wake. Lakini mambo haya ni mawili, wala hayafai kutiwa katika gunia moja.

Tuanze na kuchelewa kwenyewe. Kila aliyepakia mzigo Kilindini aijua njia: mizani ya Mariakani, mizani ya Mlolongo, Gilgil, Webuye, ndipo Malaba au Busia. Kila mahali pana jambo la kumsimamisha mtu. Leo mtandao wa forodha umelala. Kesho ajenti hajalipa ushuru. Keshokutwa sili ya elektroniki haisomeki, au uzito umezidi kwenye ekseli moja kwa sababu waliopakia hawakupanga mzigo vizuri. Katika haya yote dereva hana kosa hata moja. Lakini anayelala barabarani ni yeye.

Wala hatujasahau mwaka 2020, wakati wa korona. Kila dereva alipaswa kupimwa kabla ya kuvuka, na mwezi Mei foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita. Watu walitukimbia wakituona kama sisi ndio ugonjwa wenyewe. Januari 2022 mambo yakarudi kwa ajili ya vipimo na ada iliyotozwa upande wa Uganda. Madereva wakakataa kuendelea, malori yakasimama, na huko Uganda petroli ikawa shida. Siku zile wengi walitambua kwamba dukani hakufiki kitu bila mtu kukaa nyuma ya usukani.

Sasa, mtu aliyezuiliwa siku tatu au nne hufanya nini? Tuseme bila kuficha. Wengine hulala chini ya trela mchana kutwa. Wengine hucheza kamari mpaka posho ya njiani iishe. Wengine huingia katika pombe, na baada ya pombe huja mengine, na maradhi yaliyopatikana katika vituo hivi yameacha wajane na yatima katika nyumba nyingi za wenzetu. Hatusemi haya ili kumcheka mtu. Mtu akiwa mbali na mkewe wiki nyingi, na hana pa kwenda, ukiwa humsukuma.

Hapo ndipo tunapoiona faida ya hawa wanaotembeleana. Dereva anamjua mtu karibu na Malaba, labda dereva mzee aliyestaafu, labda taniboi wake wa zamani ambaye sasa ana duka. Anakwenda. Anapewa maji ya kuoga na ugali wa moto, watoto wanamwamkia, jioni wanasali pamoja. Anarudi kwenye gari lake akiwa mtu tena, si namba ya gari tu. Jambo hili halina risiti, lakini lina thamani.

Tena faida yake haikomi moyoni. Yuko mwenzetu mmoja aliyezuiliwa mpakani siku nne, akaenda kumwona rafiki ambaye hakuwa amemsikia muda mrefu. Akamkuta kitandani, mguu umevunjika kazini, na hakuna aliyemwambia habari ya fidia. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inataka madai yapelekwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali, na miezi 10 ilikuwa imekwisha pita. Yule mgeni alimwombea rafiki yake, kisha akatoa simu akampigia mwakilishi wa chama, na karatasi zikapelekwa kabla ya muda kupita. Je, ile ilikuwa ziara ya Kikristo au kazi ya chama? Sisi twasema ilikuwa vyote viwili. Kama lori lile lingepita upesi, haki ya mtu yule ingezikwa akiwa hai.

Wanaosoma Matendo ya Mitume watakumbuka safari ya Paulo kwenda Roma. Alikuwa mfungwa, na safari ile ilikuwa na kuchelewa kwingi. Meli ilipotia nanga Sidoni, akida Yulio alimruhusu aende kwa rafiki zake wamtunze. Meli ilipovunjika, wasafiri walikaa Melita miezi mitatu, na wenyeji wakawatendea wema usio wa kawaida. Huko Puteoli, ndugu walimkaribisha siku saba. Na alipoukaribia mji wa Roma, wengine walitoka mjini kuja kumlaki njiani, naye alipowaona akamshukuru Mungu na kupata moyo.

Lakini angalieni vizuri. Paulo alishukuru kwa ajili ya marafiki. Hakushukuru kwa ajili ya minyororo. Tena, kabla ya meli kuvunjika, aliwaonya wakubwa waziwazi kwamba safari ile ilikuwa ya hatari, nao wakamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko yeye. Mtu aweza kuwa na imani na bado akawaambia wenye mali ukweli.

Na sisi tunaopita Maai Mahiu twaliona lile kanisa dogo kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitalia waliokuwa wakitengeneza barabara ile ya kushuka bondeni. Watu wale walikuwa mbali na kwao, hawakujua watarudi lini, wakajenga mahali padogo pa kusali. Wala hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba, kwa kuwa walisali, kifungo chao kilikuwa kizuri.

Basi hili ndilo jibu letu kwa wanaonung'unika. Baraka yatoka kwa Mungu na kwa wema wa watu. Malipo ya kungoja yatoka kwa tajiri. La kwanza halifuti la pili. Tajiri hawezi kuandika katika kitabu chake, “Huyu amelipwa kwa baraka,” maana baraka ile hakuitoa yeye.

Sheria nayo inatusaidia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na hali nzuri ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wako matajiri wasemao, “Ulipumzika mpakani.” Hapana! Mapumziko ni siku ambayo mtu ni bwana wa nafsi yake. Dereva aliye katika foleni ana funguo mkononi, sikio lake liko kwenye simu, na jicho lake liko kwenye tangi la dizeli. Dizeli ikiibwa, anakatwa yeye. Huyo yuko kazini.

Tena kuna hatari nyingine. Foleni ikifunguka, simu hulia: “Kimbia, fidia siku zilizopotea!” Sheria ya trafiki hairuhusu mtu kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika saa 24. Siku iliyopotea mpakani haifidiwi kwa kukosa usingizi. Wenzetu wengi wamezikwa kwa sababu ya haraka isiyokuwa yao, na anayewaambia watu wakimbie hakai katika kiti cha mbele.

Hata hivyo tuna neno kwa ndugu zetu wanaotembea. Unapokwenda kwa rafiki, nani anabaki na gari? Mara nyingi ni taniboi. Dereva anakwenda kuoga, kula na kuimba, na kijana anabaki chini ya jua na chupa ya maji moto. Baraka ya namna hiyo ina dosari, kwa kuwa mtu mwingine ndiye anayeilipia. Kama wewe umekwenda leo, kesho abaki wewe naye aende. Au mchukuliane zamu magari matatu pamoja, wawili wakilinda na wengine wakienda. Na usimwendee mwenyeji mikono mitupu kila mara, maana naye ni maskini kama wewe.

Wala jambo hili si la Wakristo peke yao. Waislamu wenzetu, ambao ni wengi katika barabara hii tangu Pwani, hukutana msikitini na kupeana hali zao vivyo hivyo. Chama hakiulizi mtu anasali wapi. Chama kinauliza, nani amemwona mwenzake?

Tukumbuke pia kwamba vyama vya nchi hii havikuanzia maofisini. Katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wafanyakazi walikusanyika katika Kiwanja cha Maskini, wakasikilizana na kutiana moyo. Watu waliojuana walisimama pamoja. Watu wasiojuana hutawanywa kwa tishio moja tu. Kwa hiyo kila mara dereva anapouvuka uzio wa boma kwenda kumjulia mwenzake hali, anaunga kiungo kimoja cha mnyororo wetu.

Kwa hiyo twasema mambo manne. Kwanza, kila dereva aandike saa aliyofika katika foleni na saa aliyotoka, ili siku za kungoja zidaiwe na kulipwa. Pili, waajiri watoe mahali pa kuegesha penye mlinzi, maji na choo, mtu aweze kuliacha gari bila hofu. Tatu, taniboi apate zamu yake sawa na dereva. Nne, anayemtembelea mwenzake akamkuta mgonjwa, ameumia au amefukuzwa kazi, asirudi na salamu tu, bali alete habari kwa mwakilishi wa chama.

Ndugu, tembeleaneni, ombeaneni, mle pamoja. Kisha rudini mkadai haki yenu.

Umoja ni nguvu.