Makazi ya Ngara Hayajatawanyika

Rasimu tatu za makala za toleo hili zilifika mezani kwangu zikiwa na maneno yale yale: Ngara ni wilaya yenye "makazi yaliyotawanyika". Nimeyafuta yote, na waandishi waniwie radhi. Kitu hutawanyika kikiwa kimewahi kuwa pamoja. Nyumba za Kibimba, wilayani humo, hazikuwahi kurundikwa mahali pamoja zikasambaa.

Tazama kilima asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni. Nyumba zimefuata mgongo wa kilima, kila moja ndani ya migomba yake. Samadi ya ng'ombe, majivu na maganda ya jikoni humwagwa kwenye mashina yaliyo karibu na mlango, ndiyo maana migomba ya hapo ni minene kuliko ile ya mteremkoni. Kumhamisha mwenye nyumba hiyo ni kumnyang'anya mbolea iliyowekwa na babu yake. Serikali ilipoagiza mwaka 1973 kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia kijijini, vijiji vingi katika maeneo ya migomba mkoani Kagera viliandikishwa pale pale watu walipokuwa. Mgomba haubebwi kwenye lori.

Neno "yaliyotawanyika" lina madhara. Wananchi huambiwa maji na umeme ni ghali kwa sababu wanaishi mbali mbali, ilhali bomba moja likifuata mgongo wa kilima hupita milango mingi. Mpangaji anayetafuta kitovu cha kijiji haoni mstari huo wa nyumba.

Mwandishi wa makala ya Benaco, wilayani humu, ameonyesha vizuri nguvu ya jina. Pale, jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano liligeuka jina la kambi, kisha la mji mdogo wa barabarani. Wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994, na tangu hapo wengi huijua Ngara kwa siku hiyo tu. Makala ya umeme wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, inajitosheleza. Ile ya mpaka inaeleza jinsi eneo la Bugufi, sehemu ya Ngara, lilivyotenganishwa na Urundi, Burundi ya leo.

Ramani iliyo katikati ya toleo haina vitone vya vijiji. Tumechora migongo ya vilima, mabonde, na njia za miguu zinazotoka kila mlango kwenda mtoni.