Mzigo Ujengao na Mzigo Uvunjao

Wasomaji wetu wengi wa Visiwani huenda hawajapata kulisikia jina la Munisagara. Ni kijiji cha wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika bonde la mto Mkondoa, ambamo Reli ya Kati hupita ikielekea Dodoma. Hata hivyo, bonde hilo si geni katika historia ya Unguja. Katika karne ya 19, misafara iliyogharimiwa kwa fedha za Unguja iliondoka Bagamoyo, ikalifuata bonde hilo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Mpagazi alijitwika mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 30 na zaidi, akaubeba siku baada ya siku kwa amri na kwa faida ya mwingine. Baadaye wakaja Wajerumani na reli yao, waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Kisha yakaja mashamba ya mkonge ya Kilosa. Katika zama zote hizo, mwananchi aliinama chini ya uzito ambao hakuuchagua.

Tunayakumbusha haya kwa sababu maalumu. Hivi karibuni, tukiwa safarini kikazi, tulifika Munisagara jioni tukawakuta vijana saba nyuma ya nyumba moja wakinyanyua vitu vizito. Vifaa vyao vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Kopo la lita nne likijazwa zege hufikia karibu kilo 10. Kwa hiyo makopo mawili na bomba lake hutosha kumwanzisha mtu mzima. Tuliwauliza kama walichukua chuma chochote cha reli, wakatujibu kwa fahari kwamba reli ni mali ya umma na kwamba zege walilichanganya wenyewe. Walikuwa na daftari, na ndani yake kila mmoja aliandika uzito alionyanyua na idadi ya mara alizounyanyua.

Mmoja wao, kijana mwembamba aliyeacha shule mapema, alitueleza kwamba zamani alikuwa akikaa nyuma kabisa katika mkutano wa kijiji, asithubutu kunyoosha mkono. Baada ya miezi minane ya mazoezi, alisimama mbele ya wazee akauliza habari za mfereji uliozibwa na mchanga. Hakutaja ukubwa wa mikono yake hata kidogo. Alichotutajia ni lile daftari, lililomwonyesha kwa maandishi yake mwenyewe kwamba jambo lililomshinda mwezi wa kwanza aliliweza mwezi wa nne.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Mpagazi na kijana huyu wote wawili wameinua uzito, lakini tofauti yao ni kubwa. Wa kwanza alipimiwa mzigo na mtu mwingine, na hakuwa na ruhusa ya kuutua. Wa pili hujipimia mwenyewe, huongeza kidogo kidogo, hupumzika anapochoka, na faida yote hubaki mwilini mwake. Mzigo wa kwanza humfundisha mtu kwamba yeye ni chombo cha wengine. Wa pili humfundisha kwamba mwili wake ni amana yake, nao unastahili kulishwa, kulazwa na kulindwa. Huko ndiko kujipenda tunakokusema, wala hakuna uhusiano na majivuno ya mtu anayejitazama kwenye kioo.

Wataalamu nao wanaliunga mkono jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 33 yaliyowahusu watu 1,877, wakaona kwamba mazoezi ya uzito hupunguza dalili za unyonge wa moyo. Inajulikana pia kwamba katika majuma ya mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli, kabla misuli yenyewe haijakua. Kwa hiyo mtu huanza kujiamini kabla jirani hajaona mabadiliko yoyote.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wanaume peke yao. Tunawajibu kwa mifano. Sara Ahmed, binti wa Kimisri anayevaa hijabu, alipata medali ya shaba ya kunyanyua vitu vizito katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na medali ya fedha huko Paris mwaka 2024. Kanuni za mavazi za mchezo huo zilirekebishwa tangu mwaka 2011, na mwanamke anaweza kushindana akiwa amejisitiri. Jirani yetu Hellen Wawira wa Kenya, ambaye ni mlemavu wa miguu, alinyanyua uzito akiwa amelala juu ya benchi, akaipatia nchi yake medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Ni nani basi atakayemwambia binti wa Makunduchi au wa Wete kwamba nguvu si fungu lake?

Wapo pia viongozi wanaomwona kila kijana mwenye misuli kuwa ni mhuni. Tunajua mahali ambapo mkuu mmoja aliamuru vyuma vya vijana vitupwe, kwa madai kwamba hapo panafugwa wakorofi. Vijana wakatawanyika, na baadhi yao sasa wanashinda vijiweni. Tunauliza kwa heshima: ni lipi lililo hatari zaidi, kijana anayehesabu kilo zake katika daftari, au kijana asiye na chochote cha kuhesabu? Ukorofi huzaliwa mara nyingi na mtu anayejidharau, akatafuta kuogopwa kwa kuwa hajawahi kuheshimiwa.

Hata hivyo, hatuwaachii vijana bila ya nasaha. Asiyejua kuinama na kuinuka na mzigo ataumiza mgongo. Aanze na uzito mdogo, mbele ya mtu anayejua. Ale maharage, dagaa na ugali wa kutosha, na alale. Ajihadhari na wauzaji wa dawa za kutunisha misuli, kwani dawa hizo hudhuru moyo na ini na huweza kuharibu uzazi. Mwenye kutafuta nguvu ndani ya sindano hajajipenda. Amejikodisha tena kwa bwana mwingine.

Tunalopendekeza kwa Serikali, Bara na Visiwani, halihitaji fedha nyingi. Kila shehia na kila kijiji kitenge kiwanja kidogo chenye kivuli. Walimu wa michezo wapewe mafunzo ya kufundisha zoezi hili kwa usalama. Zitengwe saa maalumu kwa wanawake, chini ya usimamizi wa wanawake wenzao. Na maofisa wetu, ambao viti vya ofisi vimewadhoofisha migongo, wajitokeze kufanya mazoezi pamoja na wananchi.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa njia ya Kilosa. Mizigo iliyowavunja babu zetu sasa inabebwa na mashine. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Babu zetu waliinamishwa. Vijana wa Munisagara wanainama kwa hiari yao. Tunawaomba viongozi wawape kiwanja, ili wapate pa kuinukia.