Hofu hueneza ujumbe wa afya, lakini je, huokoa maisha?

MAAMBUKIZI mapya ya virusi vya Ukimwi nchini Kenya yalipanda kutoka takriban 16,700 mwaka 2023 hadi zaidi ya 20,000 mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kushuka. Takwimu hizo zilipotangazwa mwaka 2025, haikuchukua muda kabla ya kusikika ile hoja ya siku zote: kwamba vijana wa leo wamelegea kwa sababu hawakuwaona wagonjwa waliokonda wa miaka ya tisini, na kwamba hawatabadilika hadi warudishiwe woga.

Ni hoja yenye mvuto, hasa kwa wazazi. Tatizo ni kwamba Kenya ilikwisha kuijaribu dawa hiyo kwa muda mrefu, na matokeo yake yanafahamika.

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini alitambuliwa mwaka 1984. Kwa zaidi ya mwongo mmoja baadaye, elimu iliyomfikia mwananchi wa kawaida ilijengwa juu ya mabango ya mafuvu ya vichwa, picha za watu waliobaki mifupa mitupu, majeneza na maneno mawili matatu: Ukimwi unaua, Ukimwi hauna tiba. Rais Daniel arap Moi alipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, majukwaani zilinukuliwa takwimu kwamba Wakenya 500, na baadaye 700, walikuwa wakifa kila siku.

Ujumbe ulifika. Tafiti za kitaifa za miaka hiyo zilionyesha kuwa karibu kila Mkenya mtu mzima alikuwa amesikia habari za Ukimwi. Basi ilitarajiwa kwamba watu walioogopa kiasi hicho wangemiminika vituoni kupimwa. Hawakufanya hivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulibaini kwamba, kati ya kila Wakenya watano waliokuwa na virusi, wanne hawakujua hali zao. Walijua kwamba Ukimwi unaua. Hawakujua kwamba wao wenyewe walikuwa nao, na wengi hawakutaka kujua.

Ukweli huo ndio unaofaa kuzingatiwa na yeyote anayependekeza kurejea kwa mafuvu.

Wanasaikolojia walianza kuliangalia suala hili zamani. Mwaka 1953, Irving Janis na Seymour Feshbach wa Marekani waliwahutubia wanafunzi juu ya usafi wa meno. Kundi moja lilioneshwa madhara ya kutisha, jingine madhara ya wastani, na la tatu likapewa maelezo mepesi. Walioshtushwa zaidi ndio waliokiri kuwa na wasiwasi mkubwa, lakini ndio waliofuata ushauri kwa kiwango cha chini kabisa.

Jaribio lenye mafunzo makubwa zaidi kwa watunga sera lilikuja mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Yale. Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi maelezo kuhusu pepopunda na umuhimu wa chanjo yake. Baadhi walisoma maelezo ya kutisha, wengine ya upole. Zaidi ya hayo, baadhi yao walipewa ramani ya chuo iliyoonyesha kilipo kituo cha afya, wakaombwa wapange siku na saa ya kwenda. Wanafunzi hao walikuwa wakikijua kituo hicho vyema, hivyo ramani haikuwafundisha jambo jipya. Hata hivyo, miongoni mwa waliopewa ramani na kupanga muda, takriban asilimia 28 walikwenda kuchanjwa. Miongoni mwa waliotiwa hofu bila mpango, walioenda walikuwa kama asilimia tatu tu.

Wale waliotishwa sana walisema kwa vinywa vyao kwamba wameazimia kuchanjwa. Azma hiyo iliishia pale pale chumbani. Kilichotofautisha waliokwenda na waliobaki ni kuelekezwa wapi, lini na kwa njia ipi.

Maelezo ya hali hiyo yaliwekwa pamoja mwaka 1992 na mtafiti wa mawasiliano, Kim Witte. Kwa mujibu wake, binadamu anapokabiliwa na habari ya hatari hujiuliza maswali mawili. Kwanza, je, jambo hili linanihusu na ni zito? Pili, je, ninaweza kufanya lolote, na nikifanya, litasaidia? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, huishughulikia hatari. Akijibu ndiyo kwa la kwanza na la kwa la pili, huacha kuishughulikia hatari na kuanza kuishughulikia hofu yenyewe. Atabadilisha idhaa, atafanya mzaha, atadai kuwa ni uongo wa wazungu, ama atasema ugonjwa ni wa watu wa aina fulani tu.

Witte hakuishia kwenye nadharia. Yeye na wenzake, akiwemo mtafiti kutoka Kenya, walizipima kampeni za Ukimwi kando ya barabara kuu inayotoka Mombasa kuelekea mpaka wa Uganda, na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Walizungumza na madereva wa malori na wasaidizi wao, wanawake wanaouza miili, na vijana wanaoishi kwenye vituo ambako malori hulala. Walichokuta ni kwamba mabango na vijitabu vilikuwa vimefanikiwa sana kuwatisha walengwa, lakini vilikuwa hafifu katika kuwashawishi kuwa wanaweza kujikinga. Watu walihitaji kuambiwa iwapo kondomu kweli inazuia virusi, namna ya kuitumia, na jinsi ya kulizungumza jambo hilo na mwenzi asiyetaka kulisikia.

Kwa maneno mengine, mwanamke aliyekuwa akitegemea shilingi za dereva kulisha watoto wake aliambiwa kwamba atakufa, kisha akaachwa na habari hiyo.

Lugha ya mitaani nayo ilitoa ushahidi wake. Watu waliacha kulitaja jina la ugonjwa. Mgonjwa akawa "ana mdudu" au "amekanyaga waya". Nyanza, wengi waliuona mwili unaokonda wakasema ni chira, adhabu ya aliyevunja mwiko. Kwa familia, jibu hilo lilikuwa na nafuu moja ambayo mabango hayakuwa nayo, kwa kuwa chira ina dawa yake na ina mtu wa kumwendea.

Ni haki pia kuutaja upande wa pili. Hofu si bure kabisa. Uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukikusanya matokeo ya zaidi ya watu 27,000, ulihitimisha kwamba ujumbe wa kutisha kwa wastani hubadilisha mitazamo, nia na hata vitendo, na kwamba nguvu yake huongezeka pale unapoambatana na maelezo kwamba msikilizaji anaweza kuchukua hatua. Wapo pia wanaoitaja Uganda, ambako Rais Yoweri Museveni alizunguka vijijini mwishoni mwa miaka ya themanini akihubiri hatari bila kupaka mafuta, na maambukizi yakashuka sana katika miaka ya tisini.

Lakini Uganda haikutoa woga mtupu. Wananchi waliambiwa kwa lugha ya mfugaji wachunge ng'ombe wao nyumbani, yaani wasitoke nje ya ndoa zao, agizo ambalo hata asiyejua kusoma alilielewa. Na mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani kusema ana virusi, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na vijana. Ugonjwa uliokuwa fuvu ukapata uso wa mtu anayependwa. Anayetaka kuiga Uganda sharti aige na hayo.

Nchini Kenya mkondo uligeuka pale hali ya mambo ilipobadilika, si pale watu walipozidi kutishwa. Vituo vya ushauri na upimaji vilienea kuanzia mwaka 2001. Dawa za kupunguza makali ya virusi zikatolewa bure katika hospitali za umma kuanzia mwaka 2006. Nyanza, mpango wa tohara ya hiari kwa wanaume uliozinduliwa Novemba 2008, baada ya utafiti uliofanywa Kisumu kuonyesha kuwa tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa, uliingia katika jamii ambayo kwa jadi haitahiri. Haukuingia kwa vitisho. Wazee na wanasiasa walishirikishwa, na kijana akaambiwa mahali pa kwenda na kwamba hatalipa chochote.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba karibu wanne kati ya kila watu watano wenye virusi walikuwa wanajua hali zao. Uwiano wa mwaka 2007 ulikuwa umepinduka miguu juu. Mtu hukubali kupimwa pale majibu yanapomfungulia mlango wa matibabu.

Mbona basi serikali hurudia vitisho kila ugonjwa mpya unapobisha hodi? Sababu moja ni kwamba hofu ni rahisi kununua. Bango hugharimu kidogo kuliko zahanati, na huonekana upesi kuliko muuguzi aliyeajiriwa. Sababu nyingine haisemwi waziwazi: ujumbe wa kutisha humbebesha raia lawama. Akiugua, alionywa.

Hayo yalijitokeza tena wakati wa Covid-19. Kisa cha kwanza kilitangazwa Machi 13, 2020, na siku chache baadaye Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alikuwa akiwaonya Wakenya kwamba wakiendelea kuishi kikawaida, ugonjwa ungewatendea yasiyo ya kawaida. Kauli hiyo ilikuwa na haki yake. Virusi vilikuwa vipya, na woga wa kiasi ulisaidia kufanya mitungi ya maji na sabuni ionekane katika kila kituo cha matatu.

Yaliyofuata yalikuwa ya namna nyingine. Waliotakiwa kukaa karantini walitozwa gharama wenyewe, kabla ya serikali kukubali kuzibeba. Kisha ikatangazwa kwamba watakaokamatwa wakivunja kafyu watapelekwa karantini. Kwa tangazo hilo moja, mahali pa kulinda afya pakageuzwa kuwa rumande. Aprili 2020 picha za watu wakiruka ukuta wa kituo kimoja jijini Nairobi zilisambaa kote. Mtu aliyekuwa na kikohozi alikuwa na kila sababu ya kukificha. Na kafyu yenyewe ilikwisha kuua: usiku wa Machi 30, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, polisi walipokuwa wakitekeleza amri hiyo.

Mwezi huo wa Aprili, katika Kaunti ya Siaya, maiti ya mwanamume aliyeshukiwa kufa kwa Covid-19 ilizikwa usiku wa manane na watu waliovalia mavazi ya kujikinga, bila jeneza, familia ikitazama kwa mbali. Katika jamii ambayo mazishi ni jambo la siku kadhaa na la ukoo mzima, tukio hilo lilifundisha kijiji kwamba anayepelekwa hospitali huenda akarudi akiwa kitu cha kutupwa.

Afrika Magharibi ilikuwa imekwisha kulilipia somo hilo kwa gharama kubwa. Ebola ilipozuka mwaka 2014, baadhi ya ujumbe wa mwanzo ulisisitiza kuwa ugonjwa huo hauna tiba. Wananchi walifikiri kwa mantiki iliyonyooka: kama hakuna tiba, ya nini kumpeleka mama hemani akafie mikononi mwa wageni? Wagonjwa wakauguzwa nyumbani, na waliowauguza wakaambukizwa. Mlipuko huo uliua zaidi ya watu 11,000.

Huko Kivu Kaskazini nchini Congo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, mlipuko wa 2018 hadi 2020 ulikutana na watu waliokuwa wameishi na vita kwa miaka mingi. Kuwaongezea woga watu wa Beni na Butembo kulikuwa sawa na kumimina maji mtoni. Vituo vya matibabu vilishambuliwa na wahudumu wakauawa. Agosti 2019 majaribio yalipoonyesha kuwa dawa mbili zinaokoa maisha, hasa kwa anayewahi, Profesa Jean-Jacques Muyembe alitangaza kwamba Ebola si tena ugonjwa usiotibika. Hiyo ndiyo habari ambayo wahamasishaji walikuwa wameikosa.

Kwa Ukimwi, habari ya aina hiyo ipo tayari. Tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2016 na 2019 zilithibitisha kwamba mtu anayemeza dawa hadi virusi vyake visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Bado ni ujumbe usiosikika mno katika mikutano ya machifu au kwenye mimbari. Haulingani na fuvu. Aliyefundishwa kwa miaka 30 kwamba mwenye virusi ni hatari inayotembea haamini kwa urahisi kwamba jirani yake anayemeza kidonge kila jioni si tishio kwa mtu yeyote.

Jambo hili sasa limetoka kwenye nadharia na kuingia foleni za hospitali. Marekani iliposimamisha misaada yake mnamo Januari 2025, kliniki nyingi maalumu za wagonjwa wa Ukimwi zilitikisika, baadhi zikafungwa, na serikali ikachukua hatua ya kuunganisha huduma hizo na zile za kawaida. Kifedha, uamuzi huo unaeleweka. Lakini takriban Wakenya milioni 1.3 wanaoishi na virusi walikuwa wamezoea mlango wao, muuguzi wao na faragha yao. Sasa baadhi yao wanatakiwa kuchukua dawa katika dirisha lile lile analosimama shemeji, mwalimu wa mtoto au mwenye nyumba, watu ambao nao walilelewa na mabango ya miaka ya tisini.

Anayeacha dawa kwa kuogopa kuonekana, virusi vyake hupanda tena, na uwezo wa kuambukiza hurudi. Kaunti zinazopanga namna ya kuunganisha kliniki hizo zina uwezo wa kuamua leo iwapo dirisha litakuwa na ukuta wa kusitiri, iwapo mgonjwa aliyetulia atapewa dawa za miezi sita kwa mara moja, na iwapo jina lake litaitwa kwa sauti.