Siri za Makampuni: Watazamaji Tuwe Waulizaji



Televisheni ilianza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994, na tangu wakati huo michezo ya upelelezi haijakosa wapenzi. Majumbani, na katika vibanda umiza vya Geita, Katoro na Kahama ambamo mtafsiri husimulia kwa Kiswahili mambo yasemwayo kwa lugha ya kigeni, watazamaji huifuata kwa hamu hadithi ya kampuni kubwa inayoficha jambo na ya mtu mmoja anayelifichua kwa kuhatarisha maisha yake. The Constant Gardener, filamu iliyotolewa mwaka 2005 na ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa nchini Kenya, ni ya jamii hiyo. Mwanamke anagundua kwamba dawa ya kifua kikuu inajaribiwa kwa maskini bila ya kujali vifo vyao. Anauawa, na mumewe anaifuata siri hiyo mpaka naye anapoteza maisha.

Maoni ya watazamaji baada ya hadithi kama hiyo aghalabu ni ya namna tatu. Wako wasemao kwamba mwovu amekwisha kujulikana, basi mambo yamekwisha. Wako wasemao kwamba siri kubwa ni kazi ya watu wabaya wanaokutana gizani. Na wako wasemao kwamba laiti nasi tungepata shujaa mmoja kama yule. Maoni hayo si ya kudharauliwa, kwa kuwa ndani yake imo kiu ya haki. Walakini sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu hatuna budi kuyapima, kwa maana siri za makampuni kwetu si burudani ya jioni tu.

Tuanze na maoni ya kwanza. Mwezi Mei na Juni 2017 nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni kutazama jambo lililofanana sana na mchezo wa upelelezi. Serikali ilikuwa imezuia bandarini Dar es Salaam makontena 277 ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi ya hapa jirani iliyokuwa chini ya kampuni ya Acacia. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, na baadaye ile ya Profesa Nehemiah Osoro, ziliwasilisha taarifa zao Ikulu mbele ya Rais John Magufuli, zikitangazwa moja kwa moja. Wananchi walisikia kwamba ndani ya makontena yale mna dhahabu nyingi kuliko ilivyotamkwa katika hati. Kampuni ilikanusha. Mwezi Julai likaja dai la kodi, pamoja na riba na adhabu, la dola bilioni 190.

Watazamaji wengi walihesabu fedha hizo kana kwamba zimekwisha kuingia mfukoni. Lakini mapatano yaliyotangazwa mwezi Oktoba 2019 na kutiwa saini mwaka 2020 yalimaliza madai hayo kwa dola milioni 300. Serikali pia ilipata asilimia 16 ya hisa katika migodi husika, na kampuni ya pamoja iitwayo Twiga ikaundwa. Huenda mapatano hayo yana faida kuliko hali ya zamani. Wataalamu na wapime. Linalotuhusu hapa ni hili: kilichofunuliwa kilifunuliwa mbele ya kamera, bali kilichoamuliwa kiliamuliwa katika vikao ambavyo mtazamaji hakuviona. Tulipiga makofi katikati ya hadithi, tukaondoka kabla haijaisha. Na jambo jingine: shutuma si hukumu. Haki inamdai mtazamaji angoje ushahidi na utetezi, hata pale mshutumiwa anapokuwa tajiri asiyependwa.

Sasa maoni ya pili, kwamba siri ni kazi ya giza. Katika filamu karatasi hufichwa ndani ya kasha la chuma. Katika ukanda wetu karatasi zilitiwa saini mchana, na watu wenye mamlaka, chini ya sheria za nchi. Chukueni ushuru wa huduma. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliruhusu halmashauri kutoza asilimia 0.3 ya mapato ghafi ya biashara. Mikataba ya migodi mikubwa, baada ya wawekezaji kukaribishwa katika miaka ya 1990, iliweka badala yake kiwango kisichobadilika cha dola 200,000 kwa mwaka. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 300 kwa mwaka, asilimia 0.3 yake ni dola 900,000. Halmashauri ikipokea 200,000, zinabaki dola 700,000 ambazo hazikuwa madawati, wala zahanati, wala visima. Hakuna aliyevunja kufuli. Hakuna aliyekimbizwa na bunduki. Mwananchi hakujua tu, kwa sababu mkataba haukuwa mikononi mwake. Siri ya namna hii haivutii watengenezaji wa filamu, lakini ndiyo inayomkosesha mtoto dawati.

Na maoni ya tatu, ya kumngoja shujaa. Mwezi Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulioko Kahama, ulitiwa saini London na Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, ilhali Serikali ilikuwa imetangaza kuipitia upya mikataba ya madini. Mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, alilipeleka suala hilo bungeni akitaka lichunguzwe. Waziri aliutetea mkataba wake, na mwezi Agosti mbunge huyo akasimamishwa. Kama huu ungekuwa mchezo wa televisheni, ungeishia hapo kwa huzuni, na watazamaji wangesema mwenye fedha hashindwi.

Haukuishia hapo, kwa sababu mbunge hakubaki peke yake. Wananchi walijadili, magazeti yaliandika, na mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, naye mbunge aliyesimamishwa akawa mmojawapo wa wajumbe. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti juu ya manufaa ambayo taifa linayakosa katika dhahabu yake. Ikafuata Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na mwaka 2015 sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba itangazwe. Shujaa mmoja huweza kunyamazishwa. Swali lililokwisha kuwa la watu wengi ni vigumu kulinyamazisha.

Basi tufanye nini? Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri, nayo halmashauri iusimamie na kuwaelimisha wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Mkutano mkuu wa kijiji upo kwa ajili ya kusomewa mapato na matumizi. Viongozi wa walei na wa jumuiya, yafaa tuyabebe maswali matatu mepesi. Mwaka jana halmashauri ilipokea kiasi gani kutoka mgodini? Mpango wa huduma kwa jamii mwaka huu una miradi gani, na ya bei gani? Je, zahanati au darasa lililoandikwa katika karatasi linaonekana kwa macho pale lilipoandikwa?

Maswali hayo yaulizwe kwa adabu, kwa maandishi, na kwa majina ya watu kadhaa, asiachwe mmoja kubeba hatari peke yake. Jibu likija, lisomwe hadharani. Na kama linaonyesha kwamba fedha zilitumika vizuri, hilo nalo lisemwe kwa sauti ileile. Anayeuliza kwa haki hatafuti mwizi kwa lazima. Anatafuta ukweli, upate kukaa mahali penye mwanga.

Tuendelee kutazama michezo yetu, maana hakuna ubaya katika hadithi nzuri. Lakini mkutano wa kijiji unapoitishwa, tusiutazame kutoka mbali kama watu waliolipa kiingilio. Twende, tukae mbele, tuulize.