Chuo cha Kwanza cha Mtoto ni Nyumbani Kwao

Imeenea katika miji yetu dhana ya kwamba mtoto huanza kujifunza siku anapovishwa sare na kupelekwa chekechea, na kwamba miaka inayotangulia siku hiyo ni ya kumlisha, kumwogesha na kumlaza tu. Dhana hiyo ina madhara, kwani humfanya mzazi aiachie bahati, au aiachie simu, wakati ule ule ambao akili ya mwanawe ina wepesi mkubwa wa kupokea maneno, kupima vitu kwa mikono na kuuliza kwa macho. Rai yangu ni kwamba kila nyumba, ya tajiri na ya fakiri, yaweza kumpangia mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu mafunzo mepesi ya kila siku, na kwamba jambo hili ni wajibu wa mzazi kama ulivyo wajibu wake kumpa chakula.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1986 na 1987, wataalamu waliteua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, na baadhi yao wakawa wanatembelewa nyumbani kila juma kwa miaka miwili na wafanyakazi wa afya wa mtaani, ambao waliwaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na wana wao kwa vichezeo vilivyoundwa kwa vitu vya kutupwa. Baada ya miaka 20 watoto hao, sasa watu wazima, walionekana kupata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakuchezeshwa hivyo. Faida kubwa kama hiyo ilitokana na saa chache za makusudi baina ya mama na mwana.

Kupanga, basi, ni kuzitazama kazi zinazofanyika nyumbani kila siku na kuteua mbili au tatu ambazo mtoto atashirikishwa kwa nia ya kumfunza. Mama anapokuna nazi, mtoto na apewe, mbali na moto, sufuria tatu na vifuniko vyake, atafute kwa mikono yake kifuniko kipi chafaa sufuria ipi, kwani kulinganisha huko ndiko mwanzo wa hesabu. Wakati wa kuoga apewe kata na kopo, ajaze na kumwaga, aone kipi chaelea na kipi chazama. Nguo zinapokunjwa atenge zake na za baba, kisha aonyeshe khanga nyekundu na ya buluu. Zoezi moja lidumu juma zima, maana umri huu haukinaishwi na marudio. Juma lijalo liongezwe jambo moja tu jipya. Na kwa kuwa subira ya mtoto ni ya dakika chache, akigeuza uso aachwe, asilazimishwe, kwa sababu mchezo wa kulazimishwa hauna ladha wala faida.

Hata hivyo vyombo havifunzi bila maneno. Mzazi asemaye, "Niletee mwiko mkubwa," kisha akangoja, na mwiko ukija akashukuru, amefunza jina, sifa, utii na adabu kwa pumzi moja. Aseme kwa lugha aijuayo barabara, iwe Kiswahili au lugha ya kwao, wala asimbabaishe mtoto kwa Kiingereza cha kuokoteza kwa kutamani fahari ya majirani.

Najua wengi watasema hawana nafasi, na kwamba simu humtuliza mtoto kazi zikaendelea. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi mtoto wa mwaka mmoja akalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni hata kidogo, na wa miaka miwili asizidi saa moja kwa siku. Mafunzo ninayoyataja hayadai saa ya ziada, maana yamo ndani ya kazi ambazo hazina budi kufanyika. Wala si ya mama peke yake: baba arudipo jioni, na dada wa kazi ashindaye na mtoto mchana kutwa, nao waujue mpango wa juma. Wote wawe na hadhari: kete za bao, karanga na kunde humsakama mtoto kooni, na ndoo ya maji yaweza kumwua mtoto aliyeachwa nayo peke yake.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi wa Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na imeuhesabu ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini hakuna afisa awezaye kuingia katika kila ukumbi na kila jiko kila asubuhi. Aliye na uwezo huo ni mzazi. Kwa hiyo nawasihi wazazi na walezi wote: Jumapili hii jioni, kabla ya kulala, teueni kazi mbili za nyumbani na maneno matano mtakayomfunza mtoto wenu juma lijalo, na Jumatatu muanze.